Pikapu Iliyoyumba Ikiwa Tupu

Wiki mbili zilizopita nilirudisha ovaroli ya gereji. Niliifua mara mbili, mafuta ya mgongoni yakagoma kutoka, nikaikunja hivyo hivyo nikamkabidhi bosi. Akaniuliza, "Sasa Mama Zai, nyumbani utafanya nini?" Nikamwambia nitakaa nitazame ukuta. Nina miaka thelathini na tatu, watoto wawili, mdogo bado ananyonya, na nimeshastaafu. Hakuna aliyenikatia keki.

Sababu niiseme mara moja ili tusiirudie. Nilipojifungua huyu wa pili nilikaa nyumbani miezi mitatu. Nikarudi, nikakuta sehemu yangu ya kazi, ile ya karibu na ukuta inayopata kivuli mapema, kapewa mwingine. Mimi nimepangiwa kukaa kibanda cha mbele niuze oili "mpaka mtoto akue." Eti mama anayenyonyesha hawezi kulala chini ya gari. Na aliyekuwa analala chini ya gari na mimba ya miezi saba alikuwa nani? Basi. Niliuza oili siku tisa, ya kumi nikafua ovaroli.

Nawaandikia nyinyi mliobaki pale gerejini Nachingwea, hasa wale wasichana wawili waliotoka chuo cha ufundi. Nimewaona mnavyofanya. Gari likiingia, mteja hajamaliza kusema, tayari mmeshika spana. Spana haijui kitu. Nimekaa na magari ya zamani miaka kumi na moja, mengi yao yakilalamikia usukani, na kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya nililifanya kwa kutomsikiliza mtu aliyekuwa ananiambia jibu. Nitafika huko.

Nilifika gereji nikiwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo ya kuniwezesha kusoma maandishi ya kwenye boksi la spea, siyo ya kunipeleka mbele zaidi. Mama alidhani nimekwenda kuomba kazi ya kupika chai. Fundi mkuu wakati huo alikuwa Fundi Issa, mtu wa Mnero, mfupi, mwenye masikio makubwa ambayo watu walisema ndiyo vifaa vyake vya kazi. Alinitazama, akauliza:

"Unaweza kukaa kimya?"

"Naweza."

"Haya, kaa kimya."

Ndiyo yalikuwa mahojiano ya kazi. Wiki nzima nikaosha nati kwenye beseni la dizeli. Wiki ya pili akaniweka siti ya nyuma kila alipokwenda kulijaribu gari la mtu. Siruhusiwi kusema, nasikiliza tu anavyomuuliza dereva. Alikuwa anauliza kama hakimu. Linatetemeka wapi, mikononi au matakoni? Maana likitetemeka mikononi shida iko magurudumu ya mbele, ukilisikia kwenye siti iko nyuma. Linaanza mwendo gani, na linaacha mwendo gani? Ukikanyaga breki linazidi au linapungua? Lilianza lini, na kabla halijaanza nani alilishika, akafanya nini? Hilo la mwisho aliliuliza mara mbili kwa kila gari. Watu wanaona aibu kusema kuwa gari lilipita kwa shemeji yao kwanza.

Akishamaliza kuuliza ndipo jeki inapanda. Alinifundisha kushika gurudumu juu na chini nikalitikisa, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, beringi au kiungo cha mkono kimekwisha. Likicheza kushoto na kulia, ni kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani. Alinifundisha kumweka mtu mmoja akatikisa usukani kidogo kidogo huku mimi niko chini nimeshika kiungo kwa vidole, bila kuangalia. "Macho yanadanganya, yanaona kilicho kipya kinang'aa," alisema. "Vidole vinasikia kinachogonga." Tulikuwa hatuna mashine ya kunyoosha magurudumu. Tulikuwa na mti wenye misumari miwili na uzi wa kushonea viroba, na kwa uzi ule Fundi Issa alinyoosha magari ambayo yalitoka Dar na karatasi ya mashine yakiwa yamepinda.

Kuhusu wateja, mtazoea. Mwaka wa pili nilikuwa chini ya gari, miguu nje, mwanaume akaja akasimama, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia, "Umemkanyaga." Na kweli alikuwa amekanyaga kandambili yangu, mguu ukiwa ndani.

Halafu lami ikaja. Wazee wa gereji wanasema lami ilileta maendeleo. Sisi ilituletea ugonjwa. Kabla ya lami ya Nanganga na ile ya kuja huku kwetu, hakuna gari la zamani hapa lililokuwa linazidi hamsini. Kila kitu kilikuwa kinatetemeka, barabara ikibeba lawama. Lami ilipofika watu wakakanyaga mafuta, wakafika themanini kwa mara ya kwanza tangu wayanunue yale magari, na usukani ukaanza kuwarukaruka mikononi. Wakaja wote kwa mpigo. Wengine walidhani lami imewekwa vibaya.

Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari, gari lake dogo limeshapita mikono ya mafundi watatu. Wamebadilisha viungo vya usukani, shokamzoba, beringi za mbele. Bado linatetemeka. Nikamuuliza maswali ya Fundi Issa. Lilianza lini? Akasema baada ya mvua, alikwama kwenye tope njia ya Mnero. Nililifungua gurudumu la mbele, nikaligeuza. Ndani ya rimu kulikuwa na tope jekundu limekauka gumu kama tofali, upande mmoja tu. Nikalichokonoa kwa bisibisi, na la gurudumu la pili hivyo hivyo, nikafunga.

"Hilo tu?" akauliza.

"Hilo tu, mwalimu."

"Na vile vyuma nilivyobadilisha?"

"Vile ni vipya, utakaa navyo."

Hakufurahi. Mtu akiumwa sana hapendi kuambiwa ni kichwa tu. Lakini mimi siku ile nilitembea hadi nyumbani kichwa kiko juu, nikajiona nimefika. Fundi Issa alikuwa ameshaanza kupata ukungu machoni, mwaka ule akarudi kwao Mnero, na gari lolote lenye shida ya usukani likawa linaletwa kwangu. Kuanzia hapo hakuna aliyekuwa nyuma yangu kunikumbusha kukaa kimya.

Sasa hiyo pikapu.

Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mjini. Nitamwita Tajiri kwa kuwa ndivyo tunavyomwita, na anapenda. Ana pikapu ya zamani ya mizigo. Msimu wa korosho inabeba magunia kutoka vijijini kwenda ghalani, msimu ukiisha inabeba chochote. Kabla msimu haujaanza aliileta akasema, "Mama Zai, mwaka jana ilikuwa inachuchumaa. Niongezee springi za nyuma, mbili mbili." Nyinyi mnajua kazi hiyo. Kila mwenye pikapu hapa anaifanya. Nikatafuta majani ya springi ya lori bovu, nikayakata, nikayapanga, nikakaza. Pikapu ikainuka nyuma, ikasimama kama za wenzake wote. Tajiri akaipiga teke la bampa, akaridhika.

Dereva wake alikuwa Swalehe, mtu wa Lionja, kijiji cha mama yangu. Si ndugu wa damu ila nimemwita mjomba tangu nikiwa mdogo, na kwetu sisi ukimwita mtu mjomba umeshampa haki ya kukukaripia. Alikuwa ameendesha magari zaidi ya miaka ishirini. Jioni akiwa kijijini anaadhini msikitini, ana sauti nzuri. Msimu ukiwa katikati alikuja gerejini, akaegemea mlango.

"Mwanangu, gari hili halinisikii."

"Halikusikii vipi, mjomba?"

"Nalielekeza hapa, linakwenda pale. Nalirudisha, linapitiliza. Mikono inachoka kama nimelima."

Sikukaa kwenye siti. Nilikuwa na magari manne yananingoja, na nilijua jibu, maana mimi ni Mama Zai wa usukani. Nikapandisha jeki. Viungo viwili vya fimbo vilikuwa vimelegea kidogo, Tajiri akanunua vipya, nikabadilisha. Nikapima kwa uzi, magurudumu yamenyooka. Nikaizungusha mjini mpaka karibu na uwanja wa ndege, mwendo wa arobaini, ikatulia. Baada ya wiki mjomba akarudi na maneno yale yale.

Nikamwambia Tajiri nataka niipeleke barabara kuu, mwendo mkubwa, niisikie. Akacheka.

"Tupu? Mafuta yangu yaende kutembea? Pakia magunia, shuka nayo Ruangwa, ukirudi uniambie."

Hapa kwetu hakuna gari linalotembea tupu kwa makusudi, hata kwa kupimwa. Tukapakia. Niliendesha mwenyewe, mjomba Swalehe kushoto kwangu. Nilifika themanini na kuzidi, na pikapu ilikwenda kama imewekwa kwenye reli. Nikamtazama mjomba, naye akautazama usukani kwa aibu, kama mtu aliyemleta mtoto hospitali na homa imeshuka mlangoni.

Ghalani Ruangwa tulikuta foleni ya kushusha. Mjomba akasema, "Ngoja tushushe, turudi wote. Likibeba halina neno, mwanangu. Njoo ulione likirudi tupu."

Nikamjibu, "Mjomba, mtoto wangu yuko kwa jirani tangu alfajiri." Na ilikuwa kweli. Zai alikuwa na miaka minne, ana homa, jirani ana watoto wake watano. Baba yake yuko Dar anatafuta maisha, ameyatafuta mwaka wa sita sasa. Nilipanda bodaboda nikarudi. Ninachowaambia ni hiki: mtu alinipa jibu zima, kwa Kiswahili kilichonyooka, mbele ya lango la ghala, na mimi nikampa sababu. Sababu ilikuwa nzuri. Haikubadilisha kitu.

Siku ya nne mjomba Swalehe alikuwa anarudi kutoka Nanganga, peke yake, pikapu tupu, mchana kweupe. Pikapu ikamtoka. Akairudisha, ikapitiliza, ikaingia kwenye mikorosho. Alivunjika mfupa wa bega. Mti ulikufa.

Kesho yake Tajiri alikuja kwenye kibanda cha chai kilicho ubavuni mwa gereji, wakati wa saa nne, watu wamejaa. Hakuniita pembeni. Alisimama na kikombe mkononi akaniuliza mbele ya wote.

"Mama Zai, wewe ndiye fundi. Gari langu lilikuwa na tatizo au halikuwa nalo?"

"Halikuwa nalo," nikasema. "Nililijaribu mwenyewe."

"Barabara je?"

"Imenyooka."

"Basi," Tajiri akawageukia watu. "Barabara nzima, gari zima. Kimebaki nini?"

Mmoja akacheka, akasema, "Si msimu wa uraka huu?" Mnajua jinsi ilivyo. Mabibo yakiiva, kila kijiji kina mtungi wa uraka, na mtu akijikwaa kwenye jiwe wanamnusa mdomo. Saa sita mjini kote mjomba Swalehe alikuwa amelewa. Jioni habari ilifika Lionja kabla yake. Kazi alifukuzwa akiwa bado hospitali, na wiki ile ile msikitini wakamwambia apumzike kuadhini mpaka apone. Bega halihusiani na sauti. Alielewa.

Mimi sikusema alikunywa. Nilijisemea hivyo mara nyingi. Sikusema. Nilisema tu kwamba gari ni zima.

Pikapu ililetwa kwetu kunyooshwa uso. Ilikaa uani karibu mwezi. Siku moja akaja Masanja, mfugaji, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Alileta gurudumu la mkokoteni wake lililopasuka, akakaa juu ya ringi akisubiri. Vijana wa gereji hawakumwacha.

"Masanja, leo ng'ombe wako wamelala kwenye mihogo ya nani?"

"Ya kwako," akasema. "Michungu, wameitema."

Tukacheka. Akanigeukia mimi. Ananiita mayu, ndivyo wanavyomwita mama.

"Mayu, nikuulize. Magari ya huku kwenu mbona yote yanaamka?"

"Yanaamka vipi?"

"Ng'ombe akiamka anatanguliza matako, kichwa bado kiko chini. Angalia hayo." Akanyoosha fimbo kwenye pikapu tatu zilizokuwa uani. "Kwetu sikuona hivyo. Nimefika huku naona kila gari ng'ombe anaamka, hamalizi."

"Ndiyo magari ya korosho hayo," nikamwambia. "Ukiyapakia yanakaa sawa."

"Na yakiwa matupu yanakwenda njia moja? Maana jembe langu la kukokotwa, nikiinua mikono yake kule nyuma, pua inachimba chini na linakwenda linakotaka. Tunashindana mpaka jioni."

Watu wakacheka tena, wakamuuliza kama jembe lake lina leseni. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Nilikuwa naitazama pikapu ya Tajiri. Nilikuwa nimeitazama mwezi mzima, na msimu mzima kabla yake, na sikuiona imeinama, kwa kuwa zote za hapa zimeinama. Jicho langu lilikuwa limeshaamua kwamba hivyo ndivyo pikapu inavyosimama.

Nielezee kwa wasichana, maana chuoni mlifundishwa na mkasahau. Chukua baiskeli. Uma wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo, juu nyuma, chini mbele. Ndiyo maana ukiwa kwenye mwendo unaweza kuachia mikono na inakwenda. Gurudumu linavutwa, linajinyoosha lenyewe. Gari nalo ni hivyo hivyo: kiungo cha juu kinachoshika gurudumu la mbele kimekaa nyuma kidogo ya kile cha chini. Sasa inua mkia wa gari. Gari zima linainama mbele, kiungo cha juu kinasogea mbele, ule ulalo unapotea. Usukani unakuwa mwepesi, watu wanafurahi. Lakini gurudumu halijui tena mbele ni wapi. Kila upepo na kila kijiwe kinaliamulia. Pakia magunia, mkia unashuka, ulalo unarudi, gari linatulia. Viungo vipya havisaidii. Uzi hausaidii. Na fundi anayelijaribu likiwa na magunia atasema ni zima.

Niliazima kwa fundi ujenzi ule mpira wake wa maji wa kupimia usawa, nikapima fremu mbele na nyuma. Sitawaambia ilikuwa imeinama kiasi gani, mtasema natia chumvi. Uso ulikuwa umeshanyooshwa, injini inawaka. Sikumuuliza mtu. Nilichukua ufunguo nikatoka nayo tupu kuelekea Ruangwa. Arobaini, hakuna kitu. Sitini, ikaanza kunusanusa pembeni. Sabini na tano nilikuwa nimeushika usukani kwa mikono miwili kama nimeshika mbuzi wa sikukuu, naielekeza hapa, inakwenda pale. Nilisimama pembeni. Nilikaa mle ndani na nikasikia maneno yake yote, moja moja. Mikono inachoka kama nimelima.

Nikarudi, nikaingia chini, nikatoa yale majani ya springi niliyoyaweka kwa mikono yangu, mawili huku, mawili kule. Ilinichukua mchana wote. Nikairudisha barabarani. Themanini, tupu, nikaachia usukani nikahesabu mpaka kumi. Ilikwenda mbele.

Bosi alikuwa ananisubiri getini, ameshapata habari kuwa nimeitoa.

"Umegundua nini?"

Nikamweleza. Akatazama pembeni.

"Sawa. Usiseme springi. Sema tumekuta nati imelegea kwa ajili ya ajali."

"Bosi, mtu ameitwa mlevi."

"Na wewe utaitwa nini? Gereji itaitwa nini? Hapa kila pikapu ina springi zetu. Ulitaka zote zirudi kesho?"

Ndiyo, nilitaka zote zirudi kesho. Lakini nilianza na Lionja, nikidhani huko ndiko pagumu. Nilimkuta mjomba Swalehe nyuma ya nyumba anamenya mihogo kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa na kanga shingoni. Mke wake alinipa kigoda, hakunipa salamu. Nikamweleza mjomba kila kitu, springi, magunia, kila kitu. Nikasema, "Kosa ni langu. Gari lilikuwa bovu, na ubovu niliuweka mimi. Wewe hukukosea. Naomba unisamehe."

Akaendelea kumenya. Halafu akasema, bila hasira, kama anamrekebisha mtu njia:

"Mimi unaniambia ili iweje?"

"Ujue, mjomba."

"Nilikuwa najua. Nilikuwepo. Mimi ndiye pekee mjini na kijijini ambaye hahitaji kuambiwa." Akaweka kisu chini. "Uliposema gari zima, ulinong'ona?"

"Hapana."

"Ulisemea wapi?"

"Kibandani. Kwenye chai."

"Basi mbona umepita pale ukaja mpaka huku?"

Mke wake akanitolea baiskeli yangu ukutani.

Sikulala vizuri, na siyo kwa sababu ya mtoto. Saa nne ya kesho yake nilikwenda kibandani. Nilimngoja Tajiri apewe kikombe chake kwanza, ili asimame pale pale alipokuwa. Nikasema kwa sauti ile ile.

"Jamani. Mwezi uliopita Tajiri aliniuliza hapa kama gari lake lilikuwa na tatizo. Nilisema halina. Lilikuwa nalo. Springi mlizoona nimeongeza ndizo zilizolitoa barabarani. Niliziweka mimi. Nililipima likiwa na magunia, Swalehe akaniambia nilipime tupu, sikumsikiliza. Swalehe hakunywa kitu. Anayetaka kuhakikisha, pikapu iko pale na majani ya springi yako chini, tuyarudishe twende wote."

Hata mama wa maandazi aliacha kugeuza. Tajiri akaweka kikombe.

"Kwa hiyo wewe ulitaka kuniua?"

"Wewe hukuwemo," nikamwambia. "Alikuwemo Swalehe."

"Na uliza kwanza kama mimi nataka springi zangu zitolewe! Msimu ujao nitabeba kwa kichwa?"

Mwenye pikapu mwingine akauliza kama na ya kwake ni hivyo. Nikamwambia ndiyo. Na yangu? Na yako. Yule aliyesema habari ya uraka alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kimeingiwa na nzi. Nikamgeukia, nikamwita kwa jina. "Na wewe ulicheka hapa. Sema." Akasema, "Nilikuwa natania." Nikamwambia basi apande Lionja akamtanie mwenyewe.

Kama alikwenda sijui. Najua kwamba Ijumaa ya pili yake mama yangu alinipigia simu kwa mambo mengine, na katikati akasema, "Swalehe ameadhini leo." Nikasema ahaa. Akasema, "Sauti imepungua kidogo, bega." Nikamwambia bega halihusiani na sauti.

Gereji hiyo wiki tulipoteza wateja watatu na tukapata kazi ya kutoa springi kwenye pikapu kumi na kitu, kwa hiyo bosi hakujua anune au acheke. Wengine walikataa kutoa. Kwa hao niliandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa dereva: TUPU, USIZIDI HAMSINI. Tajiri mwenyewe alikubali litolewe jani moja kila upande, tukabishana, nikamwambia mimi nimetoa yote na siyarudishi, atafute mtu mwingine wa kuyarudisha. Hakumpata. Dereva mpya aliyekuwa amemchukua hakudumu, na bega la mjomba Swalehe lilipopona Tajiri alimwita. Alimwita kwa simu, hakwenda. Mjomba akasema atarudi kama Tajiri atakuja kumchukua Lionja kwa pikapu hiyo hiyo, mchana, na aiegeshe mbele ya msikiti. Tajiri alilalamika siku mbili. Siku ya tatu akaenda.

Mjomba yuko barabarani mpaka leo. Pikapu imekaa sawa nyuma, nimeiona. Kwenye gereji yetu hakuileta tena hata siku moja. Ikiwa na shida anaipeleka Ruangwa, mbali kote kule, kwa fundi ambaye simjui. Watu wa gereji walikuwa wanasema ana kinyongo. Mimi nimesikia jinsi yule fundi wa Ruangwa anavyofanya kazi. Wanasema gari likifika anakaa kwanza kwenye siti, anamwambia mjomba Swalehe aendeshe, likiwa tupu, na anamsikiliza mpaka amalize.